Siki

Mara ya kwanza nilifika hadi getini
nikakumbuka sijanunua chumvi.
Kitangari nzima ina chumvi. Hata jikoni kwangu ilikuwepo.
Nikageuka.

Mara ya pili nilikaa benchi,
namba kumi na saba, kikaratasi kimelowa jasho,
akapita mke wa katibu wa AMCOS:
"Hee, mama Shazili, unaumwa nini?"
Nikasema meno.
Ikabidi nihamie upande wa meno,
nikakaa huko na kinywa changu kizima
mpaka alipoondoka. Nami nikaondoka.

Nyumbani mume akauliza, fedha za mnada zimeingia?
Nikasema foleni ilikuwa ndefu.
Uongo nao una ukoo, huu humzaa yule.

Unyagoni mwili huu tulifundishwa kwa ngoma.
Kungwi hakuona haya, wala sisi,
tulicheka mpaka usiku wenyewe ukachoka.
Kila kiungo kilipewa jina na wimbo wake.
Mbona huu mlango wa ndani kabisa
hakuna aliyeutungia hata ubeti mmoja?

Mama mdogo Biasha alitoka damu msimu mzima wa mabibo.
Akasema hedhi imerudi, umri unanitania.
Akawa anakunja kanga nne nne.
Watu wakasema karogwa, wakamtaja wifi yake,
wakataja na shamba la Mnyambe.
Miezi ya mwisho tulichoma ubani kutwa,
wapita njia wakidhani tuna maulidi.
Mchomaji nilikuwa mimi.
Mpaka leo ubani ukinifikia
natazama chini.

Mara ya tatu sikuaga mtu.
Nilioga mara mbili, na maji ya huku juu
ni ya kununua, hayaogwi mara mbili.
Nikavaa chupi mpya, bado ina mikunjo ya dukani.
Sista akasema vua, weka kwenye kiti.
Hakuitazama hata.

Sista Atupele, mtu wa Tukuyu, mikono midogo.
Nilikuwa nimeomba awe mwanamke.
Nilikuwa nimeomba asiwe wa hapa.
Dua zote mbili zikapokelewa,
nikabaki sina kisingizio.

"Lala. Sogea chini. Sogea tena."
Darini doa la mvua, kama mbuzi aliyekosa mguu.
Chombo kama mdomo wa bata.
"Pumua, mama. Unabana."
Nabana tangu nivunje ungo, sista.

Kisha: "Sasa napaka siki. Tusubiri dakika moja."
Siki? Hii ya achari?
"Hiyo hiyo, imezimuliwa. Penye ubaya panageuka peupe."

Dakika moja.
Nimewahi kubangua debe la korosho
kwa muda mfupi kuliko ule.
Nikafikiria deni la salfa. Shazili na hesabu zake.
Kwamba sina binti,
na ubani wangu atauchoma nani.
Sista kashika tochi, kimya.
Nikawa namsoma uso
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake juu ya bega.
Akapepesa kope. Kupepesa kule kulikuwa na maana?

"Vaa, mama. Rudi baada ya miaka mitatu."
Nikauliza: hapakuwa peupe?
"Pamebaki rangi yake. Pazuri tu."
Pazuri.
Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo
mchana, taa ikiwaka.

Nje, kwenye benchi, binti wa Chihangu
kajitanda ushungi mpaka puani.
Akaniuliza kwa nyusi: inauma?
Nilitaka kusema haiumi kabisa.
Uongo kama huo ninao akiba.
Nikasema: kuna ubaridi, kuna kubanwa,
na kuna dakika moja ndefu.
Akatazama geti.
Nikaketi pembeni yake.
Kama ni chumvi, nikamwambia, nitakununulia mimi.
Hakunielewa.
Namba yake ilikuwa ishirini na mbili.